Pingili, Neva na Mzigo wa Maneno

Vipeperushi vya afya vinapoingia mikononi mwa wanafunzi wa Kiswahili, aghalabu husomwa kwa jicho la sarufi tu: ngeli imekosewa, kiambishi kimerukwa, tahajia imeparaganyika. Ni nadra mhakiki kuuliza iwapo sentensi iliyonyooka kisarufi inasema jambo la kweli. Uzembe huo una gharama yake, na gharama hiyo inadhihirika waziwazi katika maneno yanayotumiwa kuieleza kiropraktiki, yaani tiba ya kusukuma pingili za mgongo kwa mikono. Tiba hii ilizaliwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na leo ina kliniki zake hata jijini Nairobi. Dai lake kuu la jadi ni kwamba pingili ikisogea kidogo kutoka mahali pake, neva hubanwa; neva ikibanwa, kiungo kinachoitegemea huugua; na pingili ikirudishwa, afya hurejea. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba dai hilo ni jazanda iliyovishwa joho la sayansi. Mfasiri anayelitia katika Kiswahili kwa maneno ya kila siku ya mgongo uliopinda na mshipa uliobanwa hafasiri tu, bali anatoa ushahidi juu ya jambo asilolijua.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi akikisikia kisa cha kuanzishwa kwa tiba hii hatachelewa kukitambua utanzu wake. Ni kisasili. Daniel David Palmer, aliyezaliwa mwaka 1845 karibu na Toronto nchini Kanada, alikuwa akitibu watu kwa kile kilichoitwa nguvu za sumaku katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Inasimuliwa kwamba mnamo Septemba 1895 alikutana na Harvey Lillard, mtu mweusi aliyekuwa msafishaji katika jengo lenye afisi ya Palmer. Lillard alikuwa na uziwi wa miaka 17, na alieleza kuwa ulimpata baada ya kujikunja kazini na kuhisi kitu kikialika mgongoni. Palmer akampapasa, akagusa pingili aliyoiona imechomoza, akaisukuma, na Lillard akaanza kusikia. Vijenzi vyote vya kisasili vimo: shujaa, mgonjwa, siri iliyojificha mwilini tangu binadamu aumbwe, na mguso mmoja unaoifichua. Hata tendo la kutoa jina halikukosekana, kwani mchungaji Samuel Weed, rafiki yake Palmer, aliibatiza tiba hiyo kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja la mkono na jingine la kutenda.

Kisasili hakina kosa kikikaa katika makao yake. Tatizo ni kwamba Palmer alikitoa humo na kukigeuza kanuni. Kutokana na kisa hicho na vingine vichache alivyovikusanya, alifikia kudai katika kitabu chake cha mwaka 1910 kwamba asilimia 95 ya maradhi yote husababishwa na pingili zilizosogea. Katika somo la fasihi, hesabu ya aina hiyo huitwa chuku, na mwanafunzi hupata alama kwa kuitambua. Nje ya darasa, kwa bahati mbaya, watu huilipia.

Turufu ya kwanza dhidi ya kanuni hii imo ndani ya kisa chenyewe. Neva inayobeba sauti ni ya nane katika jozi 12 za neva zinazoungana na ubongo moja kwa moja. Safari yake yote, kutoka sikio la ndani hadi ubongoni, imo ndani ya fuvu. Haifiki shingoni, sembuse mgongoni. Hakuna pingili inayoweza kuibana, kama vile mlango wa jikoni usivyoweza kubana kidole cha mtu aliyeketi sebuleni. Baadaye watetezi wa Palmer walibuni njia nyingine za kueleza kupona kwa Lillard, lakini kila njia iliyobuniwa iliondoka mbali zaidi na lile dai sahili la neva iliyobanwa, na dai hilo ndilo lililoachwa liendelee kuvuta wateja.

Yafaa dai lenyewe lipimwe kwa umbo la mwili. Uti wa mgongo wa binadamu hujengwa kwa pingili 33 hivi: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zilizoungana chini ya kiuno, na 4 za kifandugu. Jozi 31 za neva hutokeza kupitia nafasi zilizopo kati ya pingili. Nafasi hizo si finyu kama inavyodhaniwa. Neva hupita humo ikizungukwa na mafuta na mishipa midogo ya damu, ikiwa na faragha ya kutosha. Mwaka 1973 mtaalamu wa anatomia wa Chuo Kikuu cha Yale, Edmund Crelin, aliichukua migongo ya watu waliokuwa wamekufa muda mfupi uliotangulia, akaipinda na kuisokota kwa mashine ili aone ni lini pingili itaibana neva. Pingili hazikuzibana neva hadi zilipolazimishwa kwa nguvu za kuuharibu mgongo wenyewe. Kusogea kidogo, kule kunakosemwa kuwa chanzo cha maradhi, hakukutosha.

Hata hivyo, tuseme kwa ajili ya mjadala kwamba neva zimebanwa zote. Je, viungo vingekufa? Mwezi Desemba 1967, katika jiji la Cape Town, daktari Christiaan Barnard aliutoa moyo wa marehemu na kuupandikiza katika kifua cha mgonjwa. Moyo unaopandikizwa hukatwa neva zake zote, si kubanwa, kukatwa. Na bado hupiga, kwa kuwa mpigo huanzia ndani ya moyo wenyewe. Tangu wakati huo maelfu ya watu wameishi miaka mingi kwa mioyo ya namna hiyo. Kadhalika, mtu aliyevunjika shingo na kupooza kuanzia mabegani huwa na matatizo mengi na mazito, lakini figo zake huendelea kuchuja damu na tumbo lake huendelea kusaga chakula. Neva ya kumi ya ubongo, inayohudumia moyo na tumbo, huteremka shingoni nje ya pingili. Jazanda ya mpira wa maji uliokanyagwa, ambayo imependwa sana katika maelezo ya tiba hii, inaanguka hapa: mwili si bustani moja yenye mpira mmoja.

Kwa nini basi jazanda hii haifi? Kwa sababu ina mzizi wa kweli. Neva hubanwa kweli, na wanaoumwa wanajua. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walieleza jinsi kitu laini kilicho kati ya pingili na pingili, kiitwacho diski, kinavyoweza kupasuka na kuisukuma neva. Mgonjwa huhisi maumivu yanayoteremka kutoka kiunoni hadi mguuni, ganzi vidoleni, na pengine udhaifu wa kifundo. Ni hali inayojulikana, ina dalili zake, huonekana katika vipimo, na mara nyingi hupungua yenyewe baada ya wiki au miezi. Mgonjwa akishindwa kuuzuia mkojo au akafa ganzi sehemu za siri, huo ni msiba wa kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo. Lakini neva iliyobanwa kiunoni haileti pumu, haileti vidonda vya tumbo, wala haimfanyi mtoto mchanga alie usiku. Kanuni ya Palmer ilichukua ukweli huu mdogo, ikaukopea jina, kisha ikautandaza juu ya maradhi yote. Ndivyo uongo wenye nguvu unavyotengenezwa popote, na wasomi wa propaganda wanaijua mbinu hiyo.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, na kinaingia kikiwa na maneno yake yenye hila. Neno mshipa limebeba mizigo mingi kuliko punda wa Lamu. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni neva, panaposemwa mishipa ya fahamu. Mshipa ni ngiri. Na katika vibao vya waganga vilivyopigiliwa kwenye nguzo za umeme mijini, mshipa ni ugonjwa usio na mpaka wala anwani. Mgonjwa anapoambiwa kuwa mshipa wake umebanwa mgongoni, hakuna ajuaye amesikia ipi kati ya maana hizo. Huenda akaamini kwamba damu haipiti. Huenda akaamini kwamba ile ngiri aliyokuwa nayo babake imehamia kiunoni mwake. Msemaji naye hana haja ya kudanganya. Utata wa neno unamfanyia kazi hiyo.

Uti wa mgongo nao si salama. Kwa watu wengi ni mifupa ya mgongo. Katika mazungumzo ya hospitalini huwa pia ule ugwe laini upitao ndani ya mifupa hiyo. Na homa ya uti wa mgongo, ambayo kila mzazi huiogopa, si ugonjwa wa mifupa hata kidogo, bali ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na ugwe huo, nao hutibiwa hospitalini kwa haraka. Sasa mtu na awaze tangazo linalosema kwamba kliniki fulani inatibu matatizo ya uti wa mgongo. Kisarufi halina dosari. Kimaana linaweza kumwelekeza mama mwenye mtoto aliyekakamaa shingo kwenye mlango usiofaa kabisa.

Lakini neno linalostahili kuchunguzwa kuliko yote ni kuteguka. Mchezaji wa kandanda akiteguka kifundo, kifundo huvimba, mchezaji hupiga yowe, na kila aliyepo uwanjani huona. Kuteguka ni tukio lenye mashahidi. Katika utabibu wa hospitali, sabluksesheni, neno lenye asili ya Kilatini, lina maana inayokaribiana na hiyo: kiungio kilichoachana kwa sehemu, kinachoonekana katika picha ya eksirei. Wafuasi wa Palmer walilichukua neno hilo hilo na kulipa maana nyingine. Kwao ni kasoro ya pingili inayoziathiri neva na afya yote, na baada ya muda wengi wao walisema si lazima kasoro hiyo ionekane katika picha. Basi ni neno moja lenye maana mbili, moja ikipimika na nyingine isipimike. Mfasiri anayeandika kwamba pingili ya mgonjwa imeteguka amelipa jambo lisiloonekana mashahidi wote wa uwanja wa kandanda. Mgonjwa hawezi tena kuuliza iwapo jambo hilo lipo. Atauliza tu ni lini litarudishwa.

Na atauliza kwa hofu. Tangu mwaka 1910, Bartlett Joshua Palmer, mwana wa mwanzilishi, alipoingiza mashine ya eksirei katika shule yao ya Davenport, picha ya mgongo imekuwa chombo kikubwa cha ushawishi. Mtu huoneshwa mstari uliopinda, pingili iliyochakaa, diski iliyobonyea, naye huyaamini macho yake. Kumbe picha nazo zahitaji kufasiriwa. Uchunguzi mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya tafiti za watu wasioumwa mgongo hata kidogo. Dalili za kuchakaa kwa diski zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kuchakaa kwa diski, kwa wengi, ni kama mvi: ni alama ya miaka, si hukumu. Lakini mtu akishaambiwa kuwa mgongo wake umeteguka, huanza kutembea kama aliyebeba yai, huogopa kuinama, huacha shamba na jembe, na mgongo usiotumika ndio unaozidi kuuma.

Ubishi kuhusu maneno ya tiba hii si mchezo wa wanaisimu. Uliwahi kufikishwa mahakamani. Mwezi Aprili 2008 mwandishi wa sayansi Simon Singh aliandika katika gazeti la Guardian la Uingereza kwamba chama cha matabibu wa kiropraktiki nchini humo kilikuwa kikitangaza tiba za watoto zisizo na ushahidi, na akazipa tiba hizo sifa kwa neno moja. Chama kikamshtaki kwa kumharibia jina. Kesi yote ikaning'inia kwenye neno hilo. Kiswahili kinaweza kueleza ugomvi huo vizuri kuliko Kiingereza kilivyoweza, kwa maana kina maneno mawili ambapo Kiingereza kilikuwa na moja. Je, Singh alisema kuwa tiba hizo ni bandia, au alisema kuwa ni za kughushi? Kitu bandia si halisi, lakini aliyekishika huenda hajui. Ua la plastiki ni bandia na halimdanganyi mtu kwa makusudi. Anayeghushi anajua anachokifanya. Mwezi Mei 2009 jaji alishikilia maana ya pili, kwamba mwandishi alikituhumu chama kwa udanganyifu wa makusudi. Aprili 2010 Mahakama ya Rufani ikampa Singh nafuu, ikiyachukulia maneno yake kuwa ni maoni ya mtu katika mjadala wa kisayansi, na katika mwezi huo huo chama kikaiondoa kesi. Ghadhabu iliyozuka ilichangia kupatikana kwa sheria mpya ya kashfa nchini Uingereza na Wales mwaka 2013. Somo la semantiki lingefundishwa kwa kesi hii, wanafunzi wangeamka hata katika kipindi cha saa nane mchana.

Itakuwa dhuluma, hata hivyo, kuufunga mjadala kana kwamba upande mmoja ni wa malaika. Palmer mwenyewe alifungwa jela mwaka 1906 kwa kutibu bila leseni. Chama cha madaktari wa Marekani kiliwawekea matabibu wa kiropraktiki mgomo, kikawazuia madaktari wasishirikiane nao, na kikaunda kamati mahsusi mwaka 1963 ya kupambana nao. Mwaka 1976 tabibu Chester Wilk na wenzake wakaenda kortini, na mwaka 1987 Jaji Susan Getzendanner akaamua kuwa mgomo huo ulivunja sheria ya ushindani. Hukumu hiyo huimbwa na wafuasi wa Palmer kama ushindi wa kanuni yao. Sivyo. Mahakama iliamua juu ya mgomo. Haikuamua kwamba pingili huleta maradhi. Lakini ukweli kwamba madaktari walipigana kwa njia chafu unabaki ukweli.

Isitoshe, mikono hiyo ina faida yake. Maumivu ya mgongo wa chini ni janga halisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa nayo mwaka 2020. Katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini kwa watu wazima, shirika hilo lilitaja kusukumwa kwa pingili miongoni mwa tiba zinazoweza kutolewa, sambamba na mazoezi, elimu kwa mgonjwa na kukandwa. Tafiti zilizolinganisha zinaonesha nafuu ya wastani, isiyopishana sana na ile inayoletwa na mazoezi. Aliyechoka kwa kubeba magunia Marikiti akisukumwa mgongo na akahisi nafuu, nafuu yake si ya kubuni. Kinachokanushwa ni maelezo, si nafuu. Mvua inaweza kunyesha baada ya tambiko bila tambiko kuwa ndilo lililoileta.

Na wanaokanusha si madaktari peke yao. Mwaka 2005 kundi la wanazuoni, wengi wao wakiwa matabibu wa kiropraktiki, lilichapisha makala iliyouliza iwapo sabluksesheni ni sayansi au ni itikadi, na halikuisifu. Mwaka 2009 watafiti wengine wa fani hiyo hiyo waliipima kwa vigezo vinavyotumiwa kuthibitisha visababishi vya magonjwa, vigezo vile vile vilivyosaidia kuuhukumu uvutaji sigara, wakakosa ushahidi kwamba inasababisha ugonjwa wowote. Mwaka 2010 baraza linalosimamia matabibu hao Uingereza liliwatangazia kuwa sabluksesheni ni dhana ya kihistoria isiyo na utafiti wa kuiruhusu itangazwe kama chanzo cha maradhi. Tabibu wa kiropraktiki anayekiri haya, anayemsukuma mtu mgongo kwa ajili ya maumivu ya mgongo tu na kumpeleka hospitalini anapoona dalili mbaya, anastahili heshima. Ni ajabu basi kwamba Kiswahili kiendelee kueneza kwa ari kanuni ambayo wenyewe wanaivua.

Wapo watakaosema kuwa ukali huu ni kasumba ya hospitali za kizungu, na kwamba hata mababu walikuwa na wakandaji na waunga mifupa. Walikuwa nao, na wangalipo. Lakini hoja hiyo inawapa Palmer na mwanawe ukoo wasio wao. Muunga mifupa wa Pwani hushika mguu uliovunjika, akaufunga kwa gango, na baada ya majuma kadhaa kijiji kizima kitaona kama umeunga au umekwenda upande. Anaweza kukosea, na akikosea kosa lake huchechemea mbele ya watu. Mkandaji naye hukanda palipouma. Kanuni ya kwamba asilimia 95 ya maradhi hutoka kwenye pingili haikutoka Siyu wala Pate. Ilitoka Iowa.

Linalofanya jambo hili lisiwe la kuchekwa tu ni kifua kikuu. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoelemewa na ugonjwa huo, na kifua kikuu hakikai kifuani pekee. Huingia katika pingili na kuzila polepole, hali ambayo daktari Mwingereza Percivall Pott aliieleza mwaka 1779. Mgonjwa huumwa mgongo kwa miezi, hukonda, hutokwa na jasho usiku, na mwishowe mgongo hupinda kweli na miguu huweza kupooza. Dawa zipo, humezwa kwa miezi 6 au zaidi, na zikiwahi huokoa miguu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 kuhusu mafunzo na usalama wa kiropraktiki unaitaja hali hii miongoni mwa zile ambazo mgongo haupaswi kusukumwa. Sasa mgonjwa huyu anasoma kipeperushi kwa Kiswahili fasaha: mgongo unauma kwa kuwa pingili imeteguka na mshipa umebanwa. Kipeperushi kimemweleza hali yake kwa maneno anayoyajua tangu utotoni. Hana sababu ya kwenda kupimwa makohozi wala kupigwa picha ya hospitali. Miezi mitatu atakayoipoteza haitarudishwa na mkono wa mtu.

Kwa hiyo wanaoshughulikia istilahi wana uamuzi wa kufanya, na yafaa waufanye kabla soko halijawafanyia. Kiropraktiki yenyewe inaweza kuachwa ilivyo, mradi pasitokee mwenye bidii ya ngeli akaipatia wingi wa viropraktiki. Anayeitoa ni tabibu wa kiropraktiki, na kumwita mnyoosha mgongo ni kumpa ushindi kabla ya mechi. Sabluksesheni nayo itoholewe na kuachwa na ugeni wake. Watetezi wa Kiswahili sanifu hulalamika kuwa utohozi ni uvivu, na katika mambo mengi wana haki, lakini hapa ugeni ni faida: neno linalomkwaza msomaji humfanya aulize ni nini hicho, ilhali kuteguka humnyima swali. Neva ibaki neva, na mshipa uachiwe damu.

Linabaki tendo lenyewe, lile la kiganja kuugonga mgongo kwa ghafla hadi mgongo ukaalika. Kwa Kiingereza hupewa jina linalodokeza kuwa kitu kilichokaa vibaya kimewekwa sawa, na wafasiri wameshaanza kuandika marekebisho, au kunyoosha, au kurudisha pingili. Marekebisho yanadai kuwa palikuwa na kosa. Kunyoosha kunadai kuwa palikuwa pamepinda. Kurudisha kunadai kuwa pingili ilikuwa imeondoka, na kwamba sasa imerudi. Kusukuma hakudai lolote zaidi ya kile ambacho mkono umefanya, na mgonjwa akiambiwa kuwa atasukumwa pingili, anaweza bado kuuliza: kwa nini?